Barua Mia Tatu na Kumi na Mbili za Pongezi

Nchi yetu ni nzuri, na anayesema vinginevyo hajaisikiliza redio. Jina lake sitalitaja. Limebadilishwa mara mbili tangu nijue kusoma, nami sipendi kuandika kitu ambacho kesho itabidi nikifute. Itoshe kusema ina bendera, ina Bunge, na ina Wizara ya Nishati na Subira.

Wizara hiyo ndiyo iliyotuletea nguzo za umeme hapa Kibungwa, mwaka ule wa uchaguzi. Nguzo sitini na nne, zimenyooka vizuri. Nyaya hazikuja. Tulipouliza, tuliambiwa nguzo ni awamu ya kwanza na nyaya ni awamu ya nne. Awamu ya pili na ya tatu hazikutajwa, nami sikuzidadisi, kwa sababu yule aliyekuwa akitujibu alikuwa amechoka na jua lilikuwa kali. Tangu hapo tunafungia mbuzi. Kwa mbuzi ni nguzo nzuri sana.

Kisha yakagunduliwa mafuta chini yetu. Waziri aliieleza sera mpya redioni kwa sauti ya upole. Mafuta yatachimbwa kwetu, yatapelekwa nje yakasafishwe, yatarudi, nasi tutayanunua, na kwa kuyanunua tutakuwa tumejitegemea. Niliisikiliza sera hiyo mara tatu, maana ilirudiwa asubuhi, mchana, na baada ya mpira. Mara ya tatu nilidhani nimeielewa.

Wapimaji walikuja siku ya Jumanne. Walikuwa vijana wa adabu, wenye kofia za njano. Walitembea huku na huko na kile chombo chao cha miguu mitatu, kisha wakapiga kigingi chekundu ardhini. Kutoka kwenye kigingi hadi kwenye kisima cha shemeji yangu Sikudhani ni hatua arobaini. Nilizipima mwenyewe, kwenda na kurudi.

Hapa nieleze kuhusu kisima. Kaka yangu Pazi, marehemu mume wake Sikudhani, alikichimba kwa mikono yake, futi sabini kwenda chini. Visima vingine vyote vya Kibungwa vina maji ya chumvi. Hiki tu ndicho chenye maji matamu, na kaya mia moja arobaini na tatu zinakunywa hapo. Sikudhani hamzuii mtu. Anachotaka ni kwamba ukimaliza ufunike.

Siku ile alimfuata mkubwa wa wapimaji, mikono kiunoni.

"Baba, hapa pana kisima."

Yule kijana akafungua karatasi yake, akaitazama kwa makini. "Kwenye ramani hakuna kisima, mama."

"Hiki hapa. Unakaribia kukikanyaga."

"Nakiona, mama. Lakini mimi nazungumzia ramani."

"Na mkichimba hapo, maji yangu yatakuwaje?"

Kijana alisita. Nadhani alikuwa na mama yake mahali fulani. "Kule tulikotoka," alisema, "visima vilivyokuwa karibu viligeuka. Maji yakawa yananuka mafuta ya taa. Hata kufulia hayakufaa." Akaikunja ramani. "Lakini uamuzi si wetu. Mwandikieni mbunge wenu. Ndiye anayewawakilisha."

Sikudhani akanigeukia. "Shemeji, si wewe ndiye unayejua kuandika? Haya, andika."

*

Kazi yangu ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la nne. Kuandika barua nilijifunza mwenyewe, kutoka katika kitabu kimoja kisichokuwa na jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Kitabu hicho kinasema mwenye haja humjulia hali kwanza anayemwomba, humsifu kwa jambo jema alilolifanya, ndipo katika aya ya pili aeleze kilichomleta. Hata bila kitabu, ndivyo nilivyolelewa. Mtu haingii nyumbani kwa watu akaanza na shida yake mlangoni.

Basi nikamwandikia Mheshimiwa Tegemeo Ndimbwa, mbunge wetu. Aya ya kwanza nilimtakia afya njema, yeye na familia yake na wote wanaomzunguka, nikampongeza kwa kazi nzuri, na kwa nguzo. Aya ya pili nilieleza habari za kisima, hatua arobaini, kaya mia moja arobaini na tatu. Sikupinga uchimbaji. Mimi si mtaalamu wa mafuta. Niliomba tu kigingi kisogezwe upande wa pili wa kilima, ambako hakuna mtu wala maji. Mwishoni niliuliza kama mafuta hayo, yakishakwenda nje na kurudi, yatapita karibu na nguzo zetu.

Nilitumia karatasi ya kaboni ili nibaki na nakala. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Nikaenda nalo kwa Sikudhani, nikamsomea.

"'Mheshimiwa amezipokea pongezi zako kwa unyenyekevu mkubwa. Anakuomba uendelee na moyo huo huo. Pamoja na barua hii pokea kalenda.'"

Ilikuwa kalenda nzuri, ya karatasi nzito. Januari Mheshimiwa amesimama. Februari amesimama karibu na trekta.

"Umempongeza?" akauliza Sikudhani.

"Nilimsalimu."

"Na kuhusu kisima kasema nini?"

"Amesema tuendelee na moyo huo huo."

"Moyo upi?"

"Hakufafanua."

"Shemeji, wewe unamkanda mtu kwa mafuta ya nazi hadi anasinzia, halafu unashangaa hakusikii."

Niliandika tena, nikiwa nimeifupisha aya ya kwanza kidogo. Nikaandika na mara ya tatu, na ya nne. Majibu yalikuwa yale yale. Nikawa na kalenda nne za mwaka mmoja, na bado sikujua siku ya kuja mtambo wa kuchimba.

Hapo ndipo niliposema labda barua ya mtu mmoja ni nyepesi mno. Tuandike wote. Kila jioni baada ya kazi watu walikuja kibandani kwangu, nami nikawaandikia wasioweza na kuwarekebishia walioweza. Kila mmoja alikuwa na salamu zake. Bi Mwanakombo, mkongwe wa watu, jirani yangu, alisisitiza nimpongeze mbunge kwa kunenepa.

"Umemwona wapi, bibi?"

"Sijamwona. Namsikia redioni. Sauti imenenepa, mashallah. Andika."

Nikaandika.

Ilipofika zamu ya Sikudhani, nilimshauri tujaribu barua moja bila salamu. Tuanze moja kwa moja na kisima, tuone. Nilisema hivyo kwa sauti ya chini, kwa aibu.

Alishtuka. "Nimwandikie mtu mzima, sijamjulia hata hali? Mimi nimekuwa mbuzi? Atasema marehemu Pazi alioa wapi!"

Kwa hiyo tukamsalimu. Jumla zikawa barua mia tatu na kumi na mbili, kila moja ikiwa na aya ya kwanza iliyonyooka na ya pili yenye kisima.

*

Nilizipeleka mwenyewe mjini, kwenye gunia, ili zisipotee njiani. Ofisi ya mbunge ilikuwa na taa iliyowashwa mchana na feni iliyokuwa ikizunguka bila mtu chini yake. Katibu wa ofisi, Bwana Anselimu, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinikaribisha vizuri. Akaanza kuzifungua barua zetu, moja baada ya nyingine, akiitazama kila moja kwa muda mfupi sana, akipiga muhuri na kuiweka kwenye droo.

Meza yake ilikuwa na droo tatu. Ya kwanza iliandikwa PONGEZI, ya pili MISIBA, ya tatu MICHANGO YA HARUSI. Barua zetu zote zilikuwa zikiingia ile ya kwanza.

"Bwana Anselimu, samahani," nikasema. "Hiyo aya ya pili umeisoma?"

"Ndugu yangu, mimi nasoma aya ya kwanza. Barua zinakuja kwa magunia, kama hivi. Anayepongeza namweka kwenye pongezi. Anayetaja maiti namweka kwenye misiba."

"Na mwenye shida?"

Aliinua kichwa. Swali lilimgusa, niliona. "Kwani mwenye shida hasalimii?"

"Husalimia."

"Basi ni pongezi."

Aliendelea kupiga muhuri. Baadaye akasema, kama mtu anayejisemea, "Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa hapa. Jimbo hili halijawahi kuleta lalamiko hata moja. Mimi mwenyewe huwa nastaajabu."

Nilimwomba anirudishie gunia nikaziandike upya. Alisikitika kwa dhati. Barua iliyokwisha kupigwa muhuri ni mali ya Bunge, na nusu zilikuwa tayari zimepigwa. Nikamuuliza habari ya nusu iliyobaki. Akasema haingekuwa haki kuzitenganisha na wenzake. Kisha akanipa kalenda.

*

Siku nane baadaye Bunge lilijadili nishati. Tulisikiliza kwa Sikudhani, kwa sababu redio yake ilikuwa na betri mpya.

Wabunge walizungumza kwa kirefu. Mmoja alisema mafuta ni damu ya taifa. Mwingine akasema hapana, mafuta ni uti wa mgongo, na damu ni vijana. Walibishana juu ya hilo mpaka wakati wa chai. Waliporudi, Waziri wa Nishati na Subira alisimama.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "wapo wanaodai kwamba wananchi hawaitaki sera hii. Naomba niwajibu kwa takwimu. Kutoka kijiji kimoja tu, Kibungwa, palepale penye mafuta, tumepokea barua za pongezi mia tatu na kumi na mbili! Mheshimiwa Spika, haijawahi kutokea. Kuna bibi mmoja amempongeza mbunge wake hata kwa afya ya mwili wake!"

Meza zilipigwa kwa muda mrefu.

"Na kwa kuwaheshimu wananchi hao wenye shauku, kazi iliyokuwa ianze mwakani, Mheshimiwa Spika, sasa itaanza Jumatatu!"

Sikudhani akazima redio. Bi Mwanakombo alikuwa akitabasamu kwa kutajwa, na hatukuwa na moyo wa kumweleza.

"Mwakani," Sikudhani akasema. "Tulikuwa na mwaka mzima, shemeji. Tumeuandikia barua ukaondoka."

*

Jumatatu turubai lilisimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, na mtambo ukasimama kwenye kigingi, mrefu kuliko nguzo zetu mbili zikipandishwa moja juu ya nyingine. Ulikuwa tayari umewashwa na unanguruma taratibu. Mhandisi wake, mtu mnene mwenye suruali yenye mifuko mingi, alikuwa akingoja ishara ya mbunge.

Mimi nilipangiwa neno la shukrani kwa niaba ya wananchi. Bwana Anselimu aliniita pembeni akanipa karatasi mbili zilizochapwa vizuri.

"Hii ni itifaki. Majina na vyeo vya wageni, arobaini na moja. Unawataja wote, kisha unashukuru. Una dakika tatu."

Nilizipitia haraka. "Bwana Anselimu, majina peke yake yatachukua dakika nne."

"Ndiyo. Imepangwa hivyo, usihangaike na maneno mengine." Aliniangalia kwa macho mekundu ya uchovu. "Wengi huwa wanaona afadhali."

Nikaitwa. Nikasimama mbele ya kipaza sauti. Wageni wote walikuwa wameinamisha vichwa kidogo, kila mmoja akingoja jina lake. Sikudhani hakuwa chini ya turubai. Alikuwa kule kisimani, ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, anatazama mtambo kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani.

Nilifungua kinywa nianze na Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Naapa nilitaka kuanza hivyo. Lakini dakika zilikuwa tatu tu, nami ni mtu wa kuhesabu.

"Kisima kile kina futi sabini," nikasema. "Kaya mia moja arobaini na tatu zinakunywa hapo. Mtambo huu uko hatua arobaini kutoka kisimani. Ukichimba, maji yataharibika. Tunaomba usogezwe."

Kisha watu wangu mwenyewe wakaanza kunong'ona.

"Hajasalimia!"

"Mwinjuma? Mwinjuma huyu wa viatu?"

Bi Mwanakombo alisimama kwa fimbo yake. "Mwanangu, umepatwa na nini? Waamkie watu kwanza! Usitutie aibu mbele ya wageni!"

"Salamu kwanza! Salamu kwanza!" wakaitikia wa nyuma.

Mheshimiwa Ndimbwa aliinuka. Alikuwa amenenepa kweli. Midomo ilikuwa ikimtetemeka, na nilimhurumia.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi nimetukanwa. Nimetukanwa mijini, nimetukanwa vijijini, nimetukanwa hata katika mikutano ya kimataifa. Lakini kila aliyenitukana alianza kwa kunijulia hali! Leo, katika jimbo langu, lililonipongeza mara mia tatu na kumi na mbili, mtu anasimama na kunitajia futi? Kwa mujibu wa Sheria ya Heshima, niliyoipeleka Bungeni mimi mwenyewe kwa mikono hii, natangaza mahali hapa kuwa ni mahali pa kosa! Kisiguswe kitu! Kisisogezwe kitu! Mpaka Tume ituambie nani amemtuma!"

Mhandisi akanyoosha kidole. "Mheshimiwa, na mtambo?"

"Hasa mtambo! Ulikuwepo, umeshuhudia!"

Mhandisi akamtazama Bwana Anselimu. Bwana Anselimu akawa anaandika, hakuinua macho. Basi mhandisi akapanda ngazi, na mtambo ukazimwa.

*

Huu ni mwezi wa kumi na nne. Tume ya Kuchunguza Utovu wa Salamu hukutana kila mwezi hapa hapa, mahali pa kosa, na Bwana Anselimu ndiye katibu wake. Mtambo bado uko hatua arobaini. Kuku wanalala juu yake. Maji ni matamu kama zamani.

Siku ya kikao cha kwanza Bwana Anselimu alinieleza sheria ilivyo. Alikuwa akinoa penseli na hakunitazama.

"Kosa hili linaisha mtuhumiwa akitoa salamu. Mbele ya Tume, salamu yoyote. Hata ndogo."

"Na likiisha?"

"Tume inafungwa. Jumatatu inayofuata kazi inaendelea." Akaipuliza penseli. "Sisemi ufanye hivi wala vile. Mimi ni katibu."

Tangu siku hiyo sijaisalimia Tume. Maneno hayo ni rahisi kuyasoma, kitu kigumu ni kuyaishi. Mimi humwamkia hata mtu aliyesinzia. Sasa wazee watano wanaingia chini ya turubai, wananitazama, nami natazama vidole vyangu. Redio imefanya kipindi juu yangu katika mfululizo wa maadili. Nasikia mjini mtoto akiwa mkorofi wanamwita Mwinjuma. Bi Mwanakombo haleti tena viatu vyake kwangu. Amenieleza kwa nini, kwa upole. Nimejaribu kuwaeleza majirani. Wengine wameelewa. Wengine wanakuja kuteka maji, wanaufunika mdomo wa kisima, wanapita mbele ya kibanda changu wakiangalia pembeni.

Jana kilikuwa kikao tena. Asubuhi Sikudhani alinipitia.

"Shemeji, leo shika ulimi sana. Nimesikia mwenyekiti anakuja na maneno matamu."

"Kwani yeye ana ubaya gani?"

"Hana. Ndiyo maana nakuonya."

Mwenyekiti ni Mzee Kalimbago, jaji mstaafu, mtu wa miaka sabini na minane. Hakuketi kwenye kiti chake. Alikokota miguu mpaka nilipokuwa, akaweka mkono begani kwangu, na kwa mkono wake nikasikia jinsi alivyokuwa akipumua.

"Mwanangu," alisema, "mbunge hata hakukumbuki tena. Nilipomtajia Kibungwa aliniuliza ni mkoa gani. Wenzangu hawa wana shughuli zao. Mimi naumwa. Daktari amenikataza barabara hii. Lakini sheria hainiachilii mpaka nifunge jambo hili. Niamkie tu. Neno moja. Halafu niende kwangu nikalale."

Alikuwa na umri wa baba yangu, na amesimama mbele yangu, na ndevu zake zilikuwa nyeupe. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Nililimeza, likarudi. Nilimeza tena. Kisimani, Sikudhani aliachia kamba, na ndoo ikachukua muda wake kwenda chini, ikagonga maji.

Sikusema kitu.

Mzee alisubiri. Alisubiri kuliko inavyotakiwa. Mwishowe akautoa mkono wake, akaomba maji ya kunywa.

Sikudhani ndiye aliyeyaleta, kwenye kopo, kwa mikono miwili. Yeye si mtuhumiwa. Alipiga goti.

"Shikamoo, baba. Poleni na safari. Hali yako? Usiku ulilala? Nyumbani wanaendeleaje? Kifua je?"

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee. "Marahaba."

Akanywa. Alikunywa yote bila kupumzika, kisha akalishika lile kopo tupu akawa analiangalia ndani. Akaangalia kisima. Akageuka taratibu, akautazama mtambo kwa muda, na kuku wake.

"Anselimu," akasema, "andika kwamba mtuhumiwa bado ni mkorofi. Tume inaahirishwa hadi mwezi ujao." Akamrudishia Sikudhani kopo. "Niongezee kidogo, mama. Njia ni ndefu."